Mnaosema "soma afya, hutakosa kazi": bado ni kweli?

Mjomba wa Igunga
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nina binti wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe. Kamaliza kidato cha nne: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B. Anataka utabibu. Chuo cha binafsi nilichoulizia wametaja milioni 1.6 kwa mwaka, miaka 3, bado hosteli, sare na michango ya mazoezi ya hospitali. Maana yake ng'ombe wanaondoka karibu wote. Sasa kijana wa jirani kamaliza kozi hiyohiyo mwaka juzi, leo anauza kwenye duka la dawa muhimu. Na zahanati yetu ina tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Tabibu akienda semina, muuguzi akiumwa, mlango unafungwa. Hapo ndipo sielewi. Vyuo vinatoa watu kila mwaka, zahanati hazina watu, na watu wako mtaani. Serikali ipunguze udahili au ipanue ajira? Na huyu binti nimwambieje? Mama yake aliugua miezi saba, na aliyemuuguza mpaka mwisho ni yeye, sikuwahi kumwona kakunja uso. Hafuati mshahara tu.

Mlipa Kodi
Udahili upunguzwe, tena haraka. Siku hizi chuo cha afya kinafunguliwa ghorofani juu ya duka la saruji, hadubini mbili kwa darasa zima. Ukiwa na ada unapita. Halafu tunashangaa hawaajiriwi.

Kitaa Mwaka wa Tatu
"Ukiwa na ada unapita." Ndugu, hilo neno limeniingia. Tulianza 84, tulimaliza 51, wengine walirudia mitihani mpaka wakakata tamaa. Mzee wangu aliuza mikorosho yake Tandahimba nisome. Nimejitolea hospitali moja ya wilaya miezi 14, zamu za usiku kama mwajiriwa, napewa elfu 80 ya nauli na mwezi mwingine haitoki. Nafasi zikitangazwa naomba, jina halitoki. Nikirudi nyumbani wananiita daktari na mfukoni sina hela ya vocha. Vyuo vibovu vipo, nakubali, nimeviona kwa macho. Lakini usiseme tulinunua.

Mlipa Kodi
Sijakutaja wewe, mkuu.

Kitaa Mwaka wa Tatu
Umetutaja sote.

Mwanafunzi wa Upanga
Samahani, hapo kwenye "wananiita daktari" ndipo mimi naona tatizo linapoanzia. CO (clinical officer, yaani tabibu) si daktari. MD, daktari wa shahada, anasoma miaka 5, kisha mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. CO ni miaka 3 baada ya kidato cha nne. Simdharau mtu, ila mgonjwa ana haki ya kujua ni nani kamshika. Mjomba, kama binti anataka udaktari, aende kidato cha tano achukue PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia).

Tabibu wa Zamu
Nimesoma nikiwa zamu, nikasema ninyamaze, nimeshindwa. Mdogo wangu, nina miaka 11 kwenye zahanati moja, kilomita 46 za udongo mpaka kituo cha afya. Masika ya mwaka jana, saa nane usiku, waliniletea mtoto wa miaka minne. Degedege tangu jioni, kiganja cheupe kama karatasi. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Nikakata degedege, nikamchoma artesuneti, nikampa sukari, nikaandika rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya mto na mto umejaa. Mama na mtoto tukawapandisha bodaboda, mimi kwenye pikipiki ya pili na tochi na dawa za akiba. Yule mama hakuniuliza nimesoma miaka mingapi.

Mwanafunzi wa Upanga
Kaka, nakuheshimu kwa hilo, kwa dhati. Lakini hujajibu hoja. Mtu kuokoa maisha hakubadilishi jina la kada yake.

Tabibu wa Zamu
Na wewe hujajibu swali la mjomba. Nani kauliza kuhusu majina?

Wa Kisumu
Huku Kenya clinical officer ana baraza lake na sheria yake ya 2017, na bado kijijini anaitwa daktari. Hamtawashinda akina mama kwa neno hilo.

Mzee wa Kibondo
Vijana, mimi ni AMO mstaafu, daktari msaidizi, ngazi ya kati ya CO na MD. Nilianza kama mganga msaidizi vijijini, nikapanda kuwa CO, nikaenda miaka 2 ya AMO. Nimefanya upasuaji wa uzazi miaka zaidi ya 20, na mkoa mzima ulikuwa na MD wa kuhesabu kwa vidole. Kuna utafiti ulichapishwa 2009, wa hospitali za Mwanza na Kigoma, ukaonyesha kuwa upasuaji mwingi wa dharura wa uzazi ulifanywa na sisi, na matokeo yetu hayakutofautiana sana na ya MD. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ile ngazi ndiyo iliyomfanya tabibu wa porini avumilie: alijua akikaa miaka yake, mbele kuna njia. Leo AMO haidahiliwi tena. Mmemwacha kijana chini ya ukuta mnamwambia apande.

Mwanafunzi wa Upanga
Shikamoo mzee. Njia ipo, CO mwenye GPA ya kuanzia 3.0 anaweza kuomba MD. Ila lazima awe na Hesabu na Kiingereza za kidato cha nne pia, siyo Baiolojia, Kemia na Fizikia peke yake.

Mzee wa Kibondo
Marahaba. Njia ya miaka 5, bila mshahara, mtu ana watoto watatu. Mimi nilirudi kituoni kwangu baada ya miaka 2, nikawapasua waliokuwa wananisubiri. Tofauti yake unaiona?

Bi Mkubwa wa Pangani
Nyote nimewasoma, wanangu, na nyote mmenisahau. Miaka 34 ya uuguzi na ukunga. Daktari, tabibu, AMO, mnagombania jina la mlangoni, na aliyekaa na mzazi kuanzia magharibi hadi alfajiri ni mkunga. Damu ikimwagika baada ya mtoto kutoka, mkono wa kwanza juu ya tumbo ni wa mkunga, sindano ya oksitosini ni ya mkunga, daktari anaitwa baadaye. Na kwa kuwa mmetaka maneno: pwani kwetu tabibu ni neno la wazee wetu tangu enzi, lilikuwa na heshima yake kabla hiyo daktari haijashuka melini. Mkuu wa zahanati kwenye barua za serikali anaitwa mganga mfawidhi, na hakuna anayedhani anapiga ramli. Mjomba, hujataja uuguzi hata mara moja. Binti aliyemlaza mama yake mikononi miezi saba, wewe unamtafutia koti jeupe.

Mjomba wa Igunga
Dada, sikuwaza hivyo. Ni yeye ndiye aliyetaja utabibu, labda kwa sababu ndio anaowaona.

Mlipa Kodi
Turudi kwenye hoja. Zahanati nyingi ni za ule mpango wa zahanati kila kijiji wa 2005. Majengo yakajengwa, watu hawakupelekwa. Kwa hiyo tatizo si vyuo peke yake, hapo nimejirudi kidogo.

Tabibu wa Zamu
Mpango huo ni MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi), ulianza 2007, si 2005, mpaka 2017. Yangu ni moja ya hizo. Wananchi walibeba mawe na mchanga kichwani, nyumba ya mtumishi ikaishia kwenye lenta, mpaka leo napanga kwa mwenyekiti wa kitongoji. Unataka kujua kwa nini wanaoajiriwa wanahama? Anza na hiyo lenta.

Kitaa Mwaka wa Tatu
Mimi nipangieni hata huko kwenye lenta, nitalala darasani. Narudia, tusisukumiwe lawama kwamba hatutaki vijijini. Wangapi wameitwa wakakataa, na wangapi hatujaitwa kabisa? Na sasa Bunge lilishapitisha Bima ya Afya kwa Wote, 2023. Watu wakija na kadi zao, atawapokea nani?

Mwanafunzi wa Upanga
Hata sisi MD tunamaliza na kukaa nyumbani siku hizi, usidhani ni kada yako tu. Nina rafiki yangu anaandika barua mwaka wa pili sasa. Labda ndiyo maana nimekuwa mkali, kaka Tabibu. Mtu umesoma miaka yote hiyo halafu jina nalo unagawana.

Tabibu wa Zamu
Jina chukua. Mimi niletee mtu wa pili wa zamu.

Fundi Viungo
Nimefika kwa kuchelewa, na naona mjomba kaachwa njiani. Mjomba, afya si koti jeupe wala kofia ya muuguzi tu. Mimi natengeneza miguu bandia. Nilisoma Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha kazi hiyo tangu 1981, darasani nilikaa na watu wa mataifa mengi ya Afrika. Anakuja kijana wa bodaboda kakatwa chini ya goti, au mama ambaye kisukari kimekula mguu. Unachukua umbo kwa plasta, unalisugua, unamjaribisha, linamuuma hapa, unarudi mezani. Wiki ya tatu anasimama katikati ya zile bomba mbili. Nina miaka 9 kazini na bado siku hiyo simu yangu naizima. Kuna lishe, chuo kikuu cha SUA Morogoro wanafundisha digrii yake. Kuna uuguzi wa magonjwa ya akili, hospitali ya Mirembe pale Dodoma wanajua kazi hiyo. Watoto wote wanakimbilia mlango mmoja kwa sababu ndio walioonyeshwa, kisha tunasema wamejazana mlangoni.

Mlipa Kodi
Na ajira huko zipo?

Fundi Viungo
Sitamdanganya mtoto wa mtu. Nafasi za serikali ni chache, mimi mwenyewe nilianzia hospitali ya misheni kwa mshahara mdogo. Ila tuko wachache kuliko wagonjwa, hata aliyeko mtaani anatafutwa.

Bi Mkubwa wa Pangani
Hapo mwanangu umesema.

Mjomba wa Igunga
Nimemsomea yote jioni hii, tumekaa nje. Mambo ya majina aliyapita. Swali lake lilikuwa moja: yule mtoto wa degedege alipona?

Tabibu wa Zamu
Mwambie yu hai, anacheza. Ila upande wa kulia ulibaki dhaifu, mguu anauburuta. Hospitali ya mkoa walimwandikia mazoezi ya viungo kila wiki. Mama akaenda mara tatu, nauli ikaisha. Nikawa namnyoosha mwenyewe Jumamosi baada ya kliniki, namsimamisha ukutani, kwa kile nilichokumbuka, na sicho nilichosomea. Huku kwetu hakuna mtu wa kazi hiyo.

Mwanafunzi wa Upanga
Kaka, ile rufaa ulisaini kama nani? Nauliza kwa nia njema, bado tuna hoja yetu.

Mjomba wa Igunga
Fundi, hiyo ya mazoezi ya viungo nayo inasomewa wapi? Anauliza yeye, kasimama hapa nyuma yangu.

Fundi Viungo
Fiziotherapia ipo KCMC hapohapo. Niandikie matokeo yake yote, somo kwa somo, nimtazamie anaweza kuingilia ngazi gani. Na Hesabu usiifiche, naona hukuitaja.