Nauli mpya za reli ya mjini: tugombane na bei au na masharti ya tiketi?

MLETA MADA
Wakuu, kila reli ya mjini inapobadilisha nauli watu hukimbilia namba moja tu: imepanda kiasi gani? Ukurasa wa pili wa tangazo, ule wa masharti, hausomwi na mtu mpaka siku geti limkatae. Leo nataka tuujadili huo wa pili.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asije mtu kusema nimemzunguka. Abiria anatakiwa kujua anakatwa kiasi gani, na akiona haelewi, kazi ya kuthibitisha iwe ya mwenye mashine. Mfumo unaomnyima hayo mawili umembadilishia nauli hata kama bei haikuguswa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi nimeshuka saa za msongamano, nikagonga kadi kwenye mashine ya geti ili nitoke. Geti lilikuwa bado wazi kwa sababu aliyenitangulia hajamaliza kupita, nikapita naye. Taa sikuiangalia, nyuma yangu kuna mtu na begi la magurudumu linanipiga kisigino. Kesho yake nakuta nimekatwa nauli ya juu kabisa ya reli nzima. Mfumo ulijua nimeingia, haukujua nimetoka. Nikaenda dirisha la tiketi. Dada wa pale, mpole tu, akaniuliza: "Una ushahidi gani kwamba ulishukia hapa?" Mashine ndiyo iliyokosa kumbukumbu, halafu mimi ndiye natakiwa niwe nayo.

Msidhani ni kwetu tu. London, usipogonga wakati wa kutoka, safari inahesabika haijakamilika na unatozwa nauli ya juu. Wana kitu kizuri, ukomo wa siku: ukishafikisha kiwango fulani, safari zinazobaki siku hiyo hukatwi tena. Lakini asubuhi ukigonga kwa kadi ya plastiki, jioni ukagonga kwa simu yenye kadi ile ile, mfumo unaona abiria wawili, na ukomo unaweza usiufikie kwa upande wowote. Ni wangapi wanalijua hilo?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Singapore. Januari 2024 mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ilitangaza kwamba kadi za zamani za kuweka salio zitasitishwa kwa watu wazima kuanzia Juni 1, wote wahamie mfumo mpya wa SimplyGo, ambako hesabu inafanyika kwenye akaunti. Bei haikuguswa kabisa. Watu walikuja juu vibaya mno, kwa sababu kwenye mfumo mpya skrini ya geti ilikuwa haioneshi umekatwa ngapi wala umebakiwa na ngapi. Hazikutimia wiki mbili serikali ikageuza, ikatenga dola milioni 40 za Singapore kuuendeleza mfumo wa zamani. Milioni 40, ili mtu aendelee kuona salio lake pale getini.

MCHANGIAJI 1
Mkuu umeandika vizuri lakini bei ndiyo bei. Santiago, Chile, Oktoba 2019: metro iliongeza peso 30. Wanafunzi wakaanza kuruka mageti kwa makundi, vituo vikachomwa, nchi ikaingia hali ya hatari, na Rais Piñera akasitisha lile ongezeko. Hakuna aliyechoma kituo kwa ajili ya skrini isiyoonesha salio. Mtu ambaye mfuko umetoboka hana muda wa masharti.

MLETA MADA
Hao hao wa Santiago ndio walioandika mabango ya "Si peso 30, ni miaka 30", kwa hiyo tusiwasemee. Tena uangalie vizuri: nauli iliyofika peso 830 ilikuwa ya saa za msongamano. Waziri wa uchumi akatoa ushauri kwamba anayeamka mapema atapata nauli nafuu. Bei ilikuwa kuni, ila kibiriti ni ile habari ya "amka mapema". Mfanyakazi wa usafi hachagui saa ya kuingia kazini. Sharti la saa linamkamata yule yule asiye na hiari.

MCHANGIAJI 2
Nimewahi kukaa upande wa pili wa dirisha, kwa hiyo niruhusuni niwatetee kidogo waliozoea kutukanwa.

Kwanza, pesa taslimu ni ghali kuliko mnavyofikiri. Mashine ya tiketi inayopokea sarafu inakwama, inafunguliwa, inahesabiwa, inasafirishwa kwa ulinzi. Gharama hiyo imo ndani ya nauli yako, wewe huioni tu.

Pili, hilo la skrini. Kwenye kadi ya zamani salio limeandikwa ndani ya kadi yenyewe. Geti linalisoma, linapunguza, linakuonesha. Kwenye mfumo wa akaunti geti linatambua kadi tu na kuamua upite au usipite, tena chini ya sekunde moja, la sivyo foleni inafika ngazini. Hesabu inafanyika baadaye kwenye kompyuta kuu. Sasa geti likuoneshe nini wakati lenyewe halijui?

Na huko kuhesabu baadaye ndiko kunakomsaidia mnyonge, mleta mada. New York zamani ukitaka nafuu ya wiki ulinunua tiketi ya wiki nzima kwa mkupuo. Asiye na hela hiyo Jumatatu alilipa safari moja moja, na mwisho wa wiki alikuwa ametumia zaidi ya mwenye nazo. Sasa kwa OMNY, mfumo wao mpya wa kugonga kadi au simu, ukilipia safari 12 ndani ya siku 7, zinazofuata hadi siku hizo ziishe ni bure, na hukuhitaji kuwa na hela ya wiki nzima mkononi. Hilo ni gumu kulifanya bila akaunti. Mwisho wa 2025 wameacha kuuza MetroCard, ile kadi yao ya zamani, na sioni kama kuna haja ya kuweka matanga.

MCHANGIAJI 3
Mnabishana kuhusu geti, mimi nauliza nani analipia safari ya nani. Paris, Januari 2025, wamefuta nauli ya umbali: tiketi moja ya metro na treni ikawa euro 2.50 mwaka huo, mkoa mzima wa Île-de-France, ukiacha viwanja vya ndege. Kabla ya hapo metro ilikuwa 2.15, na wa vitongoji vya mbali walikuwa wanafika hadi 5. Kwa hiyo anayekaa katikati ya jiji, kwenye kodi kubwa, kaongezewa kidogo. Aliyesukumwa pembezoni na kodi hiyo hiyo kapunguziwa hadi nusu. Mimi naiita haki.

Kama kuna anayeshabikia nauli ya umbali, ajue maskini wa miji mingi hawakai jirani na kituo kikuu.

MCHANGIAJI 4
Wafute nauli tujue moja! Luxembourg ni bure tangu 2020.

MCHANGIAJI 2
Luxembourg ni nchi ndogo yenye hazina nene, na nauli ilikuwa inabeba sehemu ndogo tu ya gharama. Na daraja la kwanza bado wanalipa. Mji ambao nauli ndiyo inayolipa mishahara ukifuta tiketi leo, kesho unapunguza treni. Wajerumani walianza na tiketi ya euro 9 kwa mwezi kiangazi cha 2022, miezi mitatu tu. Ya kudumu ilipokuja Mei 2023 ikawa 49, na Januari 2025 ikapanda hadi 58. Ruzuku ina mwenyewe, na mwenyewe huchoka.

MLETA MADA
Mchangiaji 3, nakuunga mkono kwa Paris, ila soma ukurasa wa pili. Tiketi hiyo ya 2.50 haikuruhusu kuunganisha na basi. Basi na tramu zilipewa tiketi yake, euro 2 mwaka huo. Yule wa pembezoni unayemtetea ndiye anayeanza safari na basi. Na punguzo la kununua tiketi kumi kwa pamoja wameliondoa siku hiyo hiyo. Bado ni bora kuliko zamani, nakubali, lakini vichwa vya habari vilibeba 2.50 tu.

Mchangiaji 2, umenibana. Hoja ya New York sina jibu lake, na kama ndiyo bei ya kukosa skrini, basi nitaishi bila skrini. Lakini kompyuta kuu inayoweza kuhesabu safari zangu 12 haiwezi kushindwa kuona kwamba nimeingia kituo A kila asubuhi na kutokea kituo B kila siku kwa miezi, na siku moja B ikapotea. London wenyewe wana mfumo unaojaza baadhi ya safari hizo bila abiria kuomba. Kwa hiyo inawezekana. Kwa nini iwe hisani na isiwe sharti, liandikwe kabisa kwenye huo ukurasa wa pili?

MCHANGIAJI 2
Kwa sababu wapo wanaojifanya wamesahau kugonga. Ukimjazia kila mtu safari fupi, wote watasahau.

MLETA MADA
Basi mpeni nafasi mara mbili kwa mwezi, ya tatu mtozeni. Anayeiba ataiba kila siku, aliyepigwa na begi kisigino hatafika mara tatu.

Na mrejesho wa kesi yangu: nimejaza fomu ya madai mtandaoni. Ina kisanduku cha lazima, usipokijaza haiendi: "Ambatanisha picha ya tiketi yako."

MCHANGIAJI 1
Si ulisema unatumia kadi?

MLETA MADA
Ndiyo. Nimepiga picha ya kadi, mbele na nyuma. Imegoma, inasema haioni tarehe ya safari.