Naomba ushauri: binti asome Serikali na Uchumi kiangazi hiki?

Habari zenu ndugu zangu, hasa mnaosomesha watoto huku Marekani.

Binti yangu anaingia darasa la 12 mwezi wa nane, hapa Texas. Ili ahitimu lazima awe na somo la serikali ya Marekani na la uchumi, kila moja nusu krediti (kipimo cha masomo uliyokamilisha). Anataka ayamalize yote mawili likizo hii, mwakani apate nafasi ya anatomia. Ndoto yake ni uuguzi.

Mimi nasita. Muhula mzima unabanwa kwenye wiki chache, na tuna miaka mitatu tu tangu tutoke Kigoma. Uchumi sina wasiwasi nao. Bei, ugavi na mahitaji atavielewa, ameuza dagaa na bibi yake huyo! Kazi iko kwenye serikali: Katiba ya 1787, Seneti, Mahakama ya Juu, mamlaka ya majimbo. Wenzake wamekua wakiyasikia hayo. Yeye anamjua Nyerere.

Mshauri wa shule anasema akasomee chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili), apate krediti za sekondari na za chuo kwa mpigo. Inavutia, ila alama zinabaki kwenye rekodi ya chuo. Akipata D itamfuata hadi huko kwenye uuguzi.

Mliopitia haya, watoto wenu waliyaweza yote mawili kwa pamoja? Au achukue uchumi sasa, serikali aisome shuleni taratibu? Na kwa mtandao au darasani? Huyu wangu akishika simu, basi tena.