Kumbe dawa yangu ya damu ni sumu ya panya?

Vali_ya_Bandia:
Wakuu, huu ni mwaka wa sita natembea na vali ya bandia ya moyo, na kila siku saa mbili usiku nameza kidonge cha warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Jana mpwa wangu anayesoma kemia kaniambia bila hata kupepesa macho: "Mjomba, hiyo ni sumu ya panya." Nilicheka, lakini usiku kidonge kiligoma kushuka. Ni kweli? Na kama ni kweli, nani alipata wazo la kumpa binadamu kitu hicho? Anayeijua historia yake anisimulie.

Mzee_wa_Maabara:
Pole mkuu. Mpwa wako hajakosea, ila kaanzia hadithi katikati. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kupima INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) za watu kama wewe, na hadithi hii niliwasimulia wengi wakisubiri majibu.

Ni hadithi ya bahati, na ilianza na ng'ombe. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, wafugaji walilisha mifugo melilotasi, mmea wa jamii ya mikunde wenye harufu tamu. Mvua zikizidi, nyasi zilizovunwa zilishika ukungu ghalani. Ng'ombe aliyezila akikatwa pembe tu, damu haikatiki mpaka anakufa. Daktari wa mifugo Frank Schofield akachambua mabua ya lundo moja: mazuri akampa sungura mmoja, yaliyoharibika akampa mwingine. Wa pili akafa kwa kuvuja damu. Kwa hiyo tatizo halikuwa mmea wenyewe bali kule kuharibika kwake.

Sasa njoo Februari 1933, jimbo la Wisconsin, Jumamosi yenye dhoruba ya theluji. Mfugaji Ed Carlson anaendesha gari karibu kilomita 300 akiwa na ndama jike aliyekufa, mzigo wa nyasi zilizooza na debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Alikuwa anamtafuta daktari wa mifugo wa jimbo. Ofisi imefungwa. Akaangukia mlango wa Karl Paul Link, mkemia wa chuo kikuu ambaye hakuwa na dawa ya kumpa. Link alimshauri aache kulisha zile nyasi, basi, akamwacha arudi na theluji yake. Lakini debe lile lilibaki maabara.

Iliwachukua miaka sita. Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Harold Campbell, akapata fuwele za dikumaroli, kile kilichokuwa kinazuia damu kuganda. Ni kemikali inayotokea ukungu unapoigeuza kumarini, ile ile inayoupa mmea harufu yake. Mwaka 1941 wagonjwa wakaanza kupewa ili damu isigande mishipani. Kabla yake dawa ya kazi hiyo ilikuwa heparini, na heparini ni ya sindano, haimezwi.

Warfarini ni ndugu yake mkali zaidi, na ndiyo iliyotoka 1948 kama sumu ya panya. Jina lenyewe ni herufi za taasisi iliyofadhili utafiti, WARF, zikaongezewa mkia wa kumarini.

Msomaji_Mbishi:
Mzee, miaka sita ya kuhangaika na nyasi zilizooza unaita bahati? Hilo ni jasho. Halafu hujajibu swali: ilitokaje kwa panya ikaja kwa mtu?

Mzee_wa_Maabara:
Jasho ni lao, sibishi. Bahati ni ule mlango. Ofisi ingekuwa wazi, Carlson angeambiwa atupe nyasi, na debe lingemwagwa.

Kuhusu mtu: mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani alijaribu kujiua kwa kula sumu ile ya panya siku kadhaa mfululizo. Akafikishwa hospitali, akaongezewa damu na kupewa vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakaona kitu ambacho wasingethubutu kukijaribu kwa makusudi: sumu hii ina njia ya kurudi. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya mshtuko wa moyo.

Vali_ya_Bandia:
Sasa nimeelewa kwa nini kliniki wananiuliza mboga za majani kila nikienda. Nilidhani wananichunga uzito.

Mzee_wa_Maabara:
Ndiyo hiyo. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vigandishi vya damu, na warfarini huzuia mwili usiitumie tena ile iliyokwisha kutumika. Majani ya kijani kibichi yana vitamini K nyingi. Usiyaache, kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, maana dozi yako imepangwa kwa kufuata ulaji wako. Kosa nililoliona mara nyingi ni mtu kukaa mwezi bila mboga, kisha kula sufuria nzima, halafu anashangaa INR imeshuka. Na dawa yoyote mpya, hata ya maumivu tu, waulize kliniki kwanza kabla hujameza.