Gari linagoma kuwaka likiwa la moto: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Uyole, Mbeya, baridi imeshika, na leo gari langu limewaka mara sita likiwa la moto bila kugoma. Miezi mitatu nyuma nisingethubutu kulizima njiani.

Ni gari dogo la petroli. Asubuhi halina shida. Shida ilikuwa nikitoka Kyela, maana kile kipande cha kupanda kutoka ziwani hadi Tukuyu kinaichosha injini, ingawa geji ya joto inabaki katikati. Siku moja nilisimama Kiwira kununua ndizi, nikazima dakika kumi. Kurudi, starta inazungusha vizuri kabisa, injini haishiki. Tulikaa pale dakika arobaini, mama yangu yuko kiti cha nyuma, kanyamaza tu. Likapoa, likawaka kama halijawahi kuumwa.

Kilichoniumiza zaidi ni gereji. Nikilipeleka asubuhi linawaka, kwa hiyo fundi anabahatisha: plagi mpya, betri mpya, kisha pampu ya mafuta. Hela imekwenda, ugonjwa uko palepale. Fundi umeme mmoja, mzee wa hapa Uyole, ndiye aliyeniambia, "Usiniletee gari lililopona. Niletee linaloumwa." Nikalipandisha kutoka Kiwira, nikalizima mlangoni kwake, tukasubiri robo saa. Likagoma.

Akaniambia nipige starti huku nikitazama mshale wa mizunguko ya injini. Umelala kwenye sifuri, hautikisiki hata kidogo. Akapima moto wa plagi, yaani cheche, hakuna. Pampu ya mafuta tuliisikia ikivuma. Basi akalowesha kipande cha kanga, akainama chini karibu na puli ya kranki, ile shafti kuu ya injini, akaizungushia sensa inayosoma mzunguko wa kranki. Mvuke ukatoka kidogo. Akakamua, akalowesha tena. Starti ya kwanza, likawaka! Ndani ya sensa ile kuna waya mwembamba sana uliosokotwa. Ukichoka, joto linautanua hadi unaachana, kompyuta haijui kama injini inazunguka, kwa hiyo haitoi moto wala mafuta. Ukipoa unagusana tena. Ndiyo maana asubuhi fundi hakuona kitu.

Nani mwingine yamemkuta? Semeni na kama ni petroli au dizeli.

Mdau wa Ilula: Kamwene wakuu. Langu lilikuwa tofauti. Nikishapanda mlima wa Kitonga nikazima, nikigeuza funguo nasikia "ka!" moja tu, starta haizungushi. Hapo sensa usiiguse, tatizo ni umeme wa starta. Yangu imekaa ubavuni mwa ekzosi, na ikiwa ya moto umeme unapita humo kwa shida. Kumbe na waya wa hasi unaounga injini na bodi ulikuwa umeota kutu. Msasa na nati mpya, basi.

Dereva wa Makambako: Sisi wa dizeli tuna ugonjwa wetu. Pikapu ya kubebea mbao, asubuhi na baridi yote hii inawaka, ikiwa ya moto unazungusha hadi betri inaisha. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na nozeli pampu (inayosukuma dizeli kwa presha) ikiwa imelika inaivujisha ndani kwa ndani, presha haifiki kwenye nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye injini. Tuliifunika pampu kwa gunia lililoloweshwa, ikawaka, ndipo nikaamini ni pampu. Ila nawaomba sana, msiimwagie ndoo ya maji baridi. Vyuma vya mle ndani vimebanana mno, vinaweza kung'ang'aniana na pampu ikafa palepale.

Dada wa Mafinga: Kaka, langu ni la petroli. Likigoma linanuka mafuta, lakini nikikanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho huku napiga starti, linawaka kwa kukohoa. Ni sensa hiyohiyo?

Mleta mada: Hapana dada yangu. Kwako moto upo, mafuta ndiyo yamezidi. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta ya magari mengi inakata mafuta na hewa inaingia nyingi, ndiyo maana linashika. Huenda nozeli inavuja baada ya kuzima, au sensa ya joto la maji inadanganya kwamba injini bado ya baridi, kwa hiyo inapewa mafuta ya asubuhi ya Mafinga wakati yenyewe inachemka. Mwambie fundi aunge mashine ya kusoma kompyuta ya gari, injini ikiwa ya moto, asome joto la maji. Ikionyesha nyuzi 20 na mpira wa rejeta haushikiki kwa moto, umeshaipata. Ikisoma sawasawa, ahamie kwenye nozeli. Na spea usinunue kabla hajakuonyesha namba hiyo kwa macho yako.