Dalali Mtanzania wa Delhi kamuuzia mama yangu safari ya Taj Mahal siku ya Ijumaa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nina wiki mbili tangu nirudi Dar na nilishajiambia nimwachie Mungu, lakini jana nimeona kitu kimenitibua upya. Nitakifikia.

Nilimpeleka bi mkubwa Delhi kwa upasuaji wa goti. Hospitali sina neno nayo, goti linaendelea vizuri. Tulipanga chumba Malviya Nagar, mtaa ambao ukishuka dukani asubuhi unapishana na Waafghani, Wairaki, Wanigeria na Waswahili wenzako, kila mtu na bahasha ya eksirei kwapani. Huko ndiko tulikokutana na huyu jamaa. Mtanzania, anaishi kule miaka, Kihindi kinamtoka kama maji. Alitutafutia laini za simu, akatubadilishia dola, mpaka unga wa ugali akaleta. Bi mkubwa akawa anamwita mwanangu. Na mimi nilimwamini, sikatai. Uko ugenini, umechoka, halafu mtu anakwambia "pole na mgonjwa, kaka" kwa Kiswahili cha Temeke. Unalegea mwenyewe.

Kazi yake, kumbe, ni kutembeza wagonjwa na ndugu zao.

Alianza na Qutub Minar. Mahali penyewe pazuri, nisiwe mwongo. Mnara una mita 72 na ushei, ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 12, na uani kuna nguzo ya chuma yenye zaidi ya miaka 1,600 ambayo haijaliwa na kutu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti ninayofunga Kigamboni yanaanza kutoboka kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa, kwa hiyo niliizunguka ile nguzo mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Gari ilikuwa rupia 3,500. Tiketi ya mgeni dirishani ni 600, yeye alichukua 1,000 kwa kila kichwa. Siku chache baadaye nikapanda metro peke yangu, nikasoma vituo ukutani: Malviya Nagar, Saket, Qutub Minar. Vituo viwili! Nauli haifiki hata rupia 50, ukishuka unamalizia na bajaji.

Nikanyamaza. Nikasema ni cha juu, mjini kila mtu anakula kwa urefu wa kamba yake. Na kabla hamjanirukia, silalamikii kwamba Mhindi analipa 40 na mgeni 600. Sisi wenyewe Serengeti tunalipa kwa shilingi na Mzungu analipa kwa dola.

Jumatatu akatupeleka Lal Qila, ile ngome nyekundu ya mfalme Shah Jahan iliyokamilika 1648, ambapo waziri mkuu wao huhutubia taifa kila tarehe 15 Agosti. Tumefika, geti limefungwa. Akasema, "Leo kuna ugeni wa serikali, mama." Hela ya gari imeshaliwa. Tukavuka Chandni Chowk, tukala biriani karibu na Jama Masjid, siku ikaisha. Nimekuja kujua baadaye kwamba Lal Qila haifunguliwi Jumatatu, iwe kuna ugeni au hakuna. Hapo ndipo ningeshtuka.

Sasa Taj Mahal. Bi mkubwa amekulia Tanga enzi za picha za Kihindi sinema, anaimba nyimbo nzima bila kujua neno hata moja lina maana gani. Tangu niko mdogo namsikia akisema kabla hajafa aione Taj Mahal. Daktari alishamruhusu kusafiri kwa gari akiwa na magongo yake. Tulibakiwa na siku chache. Jumamosi asubuhi kliniki ya mwisho, usiku ndege. Nikamwandikia jamaa, tunaweza Alhamisi? Jibu lake ninalo mpaka leo kwenye simu: "Ijumaa ndio nzuri kaka, hakuna foleni."

Hakuna foleni!

Nikalipa dola 280, gari na tiketi za kuingia. Tiketi ya mgeni pale ni rupia 1,100, na 200 juu yake kama unataka kuingia kwenye kaburi lenyewe, maana Taj ni kaburi la mke wa huyo huyo Shah Jahan. Alizihesabu zote mbele yangu, kwa watu wawili, kwenye karatasi.

Tukaondoka Delhi saa kumi na moja alfajiri kwenda Agra, mji iliko Taj, ukungu na moshi kiasi kwamba huoni gari la mbele. Zaidi ya kilomita 200, bi mkubwa kanyoosha mguu kiti cha nyuma, kavaa kitenge kipya alichokuja nacho kutoka nyumbani kwa ajili ya siku hiyo. Yule dereva hakutupeleka getini. Alitupeleka duka la marumaru. Kisha duka jingine, la mazulia. Nilipoanza kufoka ndipo akatupeleka, tukakuta mlinzi mmoja na mbwa wawili wamelala. Mlinzi akanyoosha kidole kwenye kibao. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, kila Ijumaa, wanaoingia ni watu wa pale wanaokwenda kuswali msikitini. Nimeambiwa na kuna treni ya haraka ya Delhi hadi Agra, Gatimaan, nayo haiendi Ijumaa. Yaani mpaka treni inajua, Mtanzania aliyeishi pale miaka hajui?

Bi mkubwa alisimama na magongo yake, akaangalia ukuta. Akasema, "Basi mwanangu, turudi." Mngenipiga ngumi ingeniuma kidogo.

Aliyetuokoa ni mzee wa bajaji, Mhindi, hatujuani hata kwa salamu. Aliona magongo, akatuuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, akatupeleka ng'ambo ya mto Yamuna kwenye bustani ya Mehtab Bagh. Ukiwa pale unaiona Taj kwa nyuma, nzima, mto katikati. Alitusubiri saa nzima na kwenye hela ya ziada niliyompa akarudisha nusu. Bi mkubwa alikaa kwenye kibaraza hakusema kitu, halafu akaanza kuimba kwa chini.

Jioni nikampigia jamaa. "Kaka, si mmeiona lakini?" Nikamwambia nirudishie hela za tiketi tu, gari sikudai. Akasema zimeshalipwa. Zimelipwa kwa nani, wakati dirisha limefungwa? Akakata, akanizuia.

Najua atakuja mtu aseme "si ungegugo, mkuu". Kweli, ningegugo. Nilikuwa nahesabu vidonge vya mama, nalala kwenye kiti, nafua bandeji. Kazi ya kujua siku nilimlipa mtu aifanye. Nilijiandaa kupigwa na Wahindi, kila mtu alinionya kuhusu Wahindi. Hakuna aliyenionya kuhusu anayepika ugali na sisi.

Kwa mwenye mgonjwa anayekwenda: Taj siyo Ijumaa, Lal Qila siyo Jumatatu, tiketi kata mwenyewe, metro ipo.

Jina silitaji, sitaki kesi. Ila kanizuia mimi, kamsahau dada yangu. Jana Alhamisi dada kanionyesha status ya huyo jamaa: picha ya Taj Mahal, jua linachomoza, na chini kaandika, "Kesho tunaondoka alfajiri, zimebaki nafasi mbili."