Mti mmoja kila siku: nyekundu yangu inageuka tope

Binti wa Katuba
Jambo yenu wote. Nachora kwa guashi, ile rangi nzito ya maji, na mwezi huu wa tisa nimeanza zoezi la mti mmoja kila asubuhi kabla ya kazi, kwenye vipande vya kartoni visivyozidi kiganja. Naiga picha za Kanada na Ulaya, miti inapokaribia kupukutisha majani: manjano, rangi ya machungwa, nyekundu. Rangi hizo zinanivuta sana. Lakini nikiweka nyekundu jirani na kijani, zinaingiana na kutoa tope. Tena miti yenyewe sijawahi kusimama chini yake. Picha inanionyesha upande mmoja, saa moja, basi. Ninyi mnaochora kila siku mnafanyaje?

Yaya wa Kampemba
Mdogo wangu, zoezi lako ni zuri, usiliache. Ila beba kartoni zako utoke mjini Lubumbashi. Shika barabara ya Kipushi mpaka ukute pori ambalo wachoma makala hawajalimaliza. Wakati huu miputu na mitondo, miti ya pori letu, inatoa majani mapya, na majani hayo hayaanzi na kijani. Yanaanza mekundu ya divai, mengine ya shaba, malegevu, yananing'inia kama kitambaa kilicholowa. Mvua bado, chini nyasi zimeungua, na juu pori zima limewaka. Nyekundu unayoitafuta Kanada iko hapa Lubumbashi sasa hivi.

Kule, siku zikiwa fupi na baridi ikiingia, jani linapoteza kijani chake. Manjano iliyokuwa imefichika ndani inajitokeza, na miti mingine inatengeneza nyekundu kabla jani halijaanguka. Hapa nyekundu ni ya jani changa ambalo kijani chake hakijakolea. Kwa mchoraji hilo si dogo, maana jani changa linapitisha mwanga. Jua likiwa bado chini, simama mahali ambapo mti uko kati yako na jua: majani ya juu yanawaka, yale yaliyofunikana yanakuwa mazito karibu na zambarau. Halafu rudi kwenye mti ule ule. Tawi lililokuwa jekundu linakwenda kwenye shaba, kisha kijani cha ndimu, na ukikosa siku kadhaa umepitwa. Ndiyo sababu ya kuchora kila siku.

Kuhusu tope: nyekundu na kijani zikikutana mbichi zinauana. Na guashi hata ikikauka, ukiisugua kwa brashi yenye maji inayeyuka tena. Weka rangi nzito, mkupuo mmoja, inua mkono. Tazama wazee wetu wa Hangar, karakana ya uchoraji aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji wetu ukiitwa Élisabethville. Mwenze Kibwanga alijenga picha nzima kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Bela alipaka kwa ncha za vidole, tone kando ya tone. Hapo hakuna kusugua. Jicho la mtazamaji ndilo linalochanganya. Nyekundu ikae, kijani kikae kando yake, kila kimoja na nguvu yake.

Mama wa Kipushi
Yaya kasema kweli, lakini mimi nisingeacha picha za ng'ambo kabisa. Miti ile ikishapukutisha unaona matawi yote yanavyogawanyika, na hilo ni somo zuri la mkono.

Ila dada, usichelewe kwenda porini. Mwaka 1891 mchoraji Mfaransa Monet alikuwa anachora safu ya miti iitwayo mipopla kando ya mto Epte, Ufaransa, ikawa inauzwa ikatwe mbao. Alimlipa mfanyabiashara wa mbao aiache mpaka amalize kazi. Sisi tutamlipa nani? Muputu niliokuwa nauchora mwaka jana umekwisha kuwa magunia ya makala, na ulikuwa mti mzuri, umepanuka juu kama unavyotakiwa. Ninayo michoro yake tu.

Binti wa Katuba
Asanteni sana, sikujua kabisa kwamba wekundu ule ni wa majani mapya. Swali moja: shina nalipaka nyeusi, linakaa kama tundu kwenye picha. Nitumie nini?

Yaya wa Kampemba
Iweke nyeusi pembeni. Shina la muputu ni la kijivu: changanya buluu na kahawia, ongeza nyeupe upande wa jua. Kivuli ni buluu ile ile na kahawia, bila nyeupe.

Jingine: kabla ya kuchora, paka kartoni yote rangi ya udongo wetu mwekundu. Tumia rangi ya maji ya ukutani, safu nyembamba. Ikikauka haiyeyuki tena chini ya guashi. Mapengo kati ya mistari yako yataonyesha ule wekundu, na kijani hakitapoa.

Jumamosi nitakuwa barabara ya Kipushi tangu asubuhi, na wachoraji wengine wawili watatu. Ukija, beba maji ya kutosha, ya brashi na ya kunywa.