Tupeane uzoefu: Wazee wetu wa Lubumbashi walifanya kazi gani wakati wa Vita Kuu ya Pili?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Tukitaja vita ile tunataja askari: wale wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma, wale wa Force Publique (jeshi la Kongo ya Wabelgiji) walioteka Saio kule Abisinia, yaani Ethiopia, mwaka 1941. Heshima yao wanaistahili. Ila mimi ni mtoto wa Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Élisabethville, na babu yangu hakushika bunduki hata siku moja. Alikuwa kwenye tanuru la shaba. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji Mei 1940, Kongo, koloni la Wabelgiji, ikabaki upande wa Waingereza, na shaba ya Katanga ikawa inahitajika kwa maganda ya risasi na nyaya. Shaba haijichimbi, na haijiyeyushi.

Babu hakusimulia vita, alisimulia joto. Walijifunga usoni vitambaa vilivyoloweshwa maji, wakausogelea mdomo wa tanuru kwa zamu, kitambaa kikakauka kabla zamu haijaisha. Akirudi, bibi alimpa maji ya kuoga kwanza, salamu baadaye. Poso ilikuwa unga, maharage, chumvi na samaki mkavu, vyote kwa kipimo. Vita ilivyozidi, nguo zikaadimika na bei zikapanda, kazi nayo ikaongezwa.

Wenye kumbukumbu za nyumbani leteni, hata kama ni kipande tu.

Wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi
Mkuu, umenigusa. Kwetu neno "vita" linamaanisha Desemba 1941. Wafanyakazi waligoma kudai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, na Léonard Mpoyi aliyekuwa akiwasemea akauawa palepale. Nkambo, yaani bibi yangu, alikuwa anakwangua magamba ya samaki mlangoni aliposikia milio. Alidhani ni mawe yanaangushwa juu ya mabati. Mumewe alirudi usiku, mguu mmoja hauna kiatu, akakaa bila kusema neno hadi asubuhi. Kesho yake king'ora kilipolia akaenda kazini peku. Mimi nataka watoto wetu wafundishwe jambo hili shuleni, kwa sababu watu hao hawakukataa kazi ya vita. Walitaka mshahara unaotosha kununua unga.

Likasi
Poleni sana ndugu. Sisi tuko karibu na mgodi wa Shinkolobwe. Mnajua kwamba Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya Katanga, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani mwaka 1940? Zilikaa ghalani Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipozinunua mwaka 1942. Baadaye mgodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la atomiki la Hiroshima ilitoka hapa. Baba mkubwa wa mama yangu alipanga mawe hayo kwa mikono mitupu. Alituambia yalikuwa na rangi nzuri, ya njano na kijani, na yeye alichukua moja akaliweka dirishani kama pambo. Hakuna aliyemwambia ni jiwe la namna gani. Hadi anafariki alikuwa akiuliza lilienda kufanya nini huko.

Mgeni kutoka kijijini, Lomami
Naomba msitusahau tuliolisha mji huo. Mwaka 1942 Wajapani walipoteka nchi ya Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia), iliyokuwa ikitoa mpira mwingi, mpira ukakosekana duniani, na sisi tukarudishwa porini kutafuta utomvu wa mpira wa mimea itambaayo ya mwituni. Siku za kazi za lazima zilitoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Bibi mzaa baba alisema wanaume walipokuwa msituni, wanawake walilima peke yao, na mahindi yao yalipakiwa kwenye treni kwenda migodini. Alikuwa na kibuyu chenye mabaki ya utomvu uliokauka, mweusi, mgumu. Tulipokuwa wadogo tulikigonga sakafuni kidunde. Alitunyang'anya, akakifuta kwa kanga yake, akakirudisha juu ya dari.

Mwanzisha mada
Asante sana ndugu. Kibuyu bado kipo? Kama kipo, tafadhali kipige picha.